Mama na Malele ya Nchi za Baridi

Nikisema nilipata kufanya kazi ya malele, vijana hunitazama kana kwamba nimetaja ugonjwa. Sina haja ya kuwalaumu, maana skuli hawafundishwi. Malele ni ule ukoko unaoota juu ya gome la mti na juu ya jiwe, mwengine wa kijivu, mwengine wa manjano, mwengine mwekundu kama kutu, hauna jani wala ua. Wazee wetu wa huku kusini waliyabandua mitini wakawauzia wafanyibiashara wa Vanga, yakapakiwa vyomboni yakenda Ulaya kutengenezwa rangi za nguo. Biashara hiyo ilikufa kabla sijazaliwa. Malele yangu mimi yalikuwa mengine, ya nchi za baridi. Yalinifanya mimi mwalimu, na yakamfanya mama yangu mjinga mbele ya watu. Nitaeleza ilivyokuwa, na tafadhali mtu asinipe pole, kwa sababu sistahili.

Mwaka uliotangulia uhuru alikuwako Mzungu mmoja Diani, mtu mzima, mwembamba, shingo ndefu, miwani imefungwa kwa uzi. Umri wake wote aliupitisha kwenye theluji akikwangua malele juu ya mawe, mpaka kifua kikamshinda na daktari akamwambia akatafute joto. Basi akaja kwetu. Mtu kazi yake ni vitu vya baridi, na anakaa Diani mwezi wa pili, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi! Nyumba nzima ilikuwa masanduku. Marafiki zake wa kila pembe ya dunia walimletea vifurushi kwa meli, wengine kutoka kaskazini kabisa ambako jua halichwi, wengine kutoka visiwa vya kusini kabisa ambako hakuna mti hata mmoja, na wengine waliopanda Mlima Kenya wakamletea vipande vya kule juu kwenye barafu.

Adui yake alikuwa unyevu. Malele yakikaa makavu katika bahasha hudumu miaka na miaka, lakini Diani mvuke wa bahari huingia hata kabatini. Masika yale ya kwanza alipoteza sanduku zima, likaota ukungu mweupe. Akaanza kuuliza, ni nani huku anayejua kukausha kitu kikakauka? Kila aliyeulizwa akamtaja mama yangu.

Mama alikuwa mtu wa Majoreni. Alikulia kwenye dagaa na kamba, kuanika na kuanua, na baba alipofariki tukahamia Kinondo kwa mjomba. Makopa ya muhogo ya mama hayakuoza hata mvua inyeshe wiki. Alikuwa na mkono wa kujua kitu kimekauka mpaka ndani au kimekauka uso tu. Na jioni, baada ya swala ya alasiri, alikuwa na chuo chake barazani, akisomesha wasichana Kurani. Msahafu aliujua tangu yu mdogo. Barua za kwao Majoreni aliziandika mwenyewe, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko umenyooka kama ukili wa mkeka, na watu walikuja kumwomba awaandikie na zao. Herufi za Kizungu hakuzijua hata moja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimaliza darasa la nane Kwale, mwandiko wangu ulikuwa mzuri na Kiingereza changu hakikuwa kibaya. Bwana alinichukua nimwandikie majina juu ya bahasha, na nimfasirie, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza chai. Nilichotaka mimi kilikuwa kimoja tu, chuo cha ualimu. Mjomba alikwisha kunitafutia mume, mtu wa duka huko Lunga Lunga, mwenye wake wawili tayari. Mama ndiye aliyemzuia. Alimwambia kaka yake, mpe mwaka mmoja mtoto huyu, akikosa nafasi fanya utakalo. Chuo kilitaka barua ya mtu anayejulikana, na Bwana aliniahidi barua hiyo. Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa kwenye kalamu ya yule mzee wa miwani, na mama alijua, na mimi nilijua.

Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Bwana alipenda kueleza. Siku moja alichukua danzi mezani, chungwa lile kali, akachora duara kwa wino juu na jingine chini. "Malele haya yako hapa," akasema, "na yako hapa. Ni yaleyale. Katikati yote hapa ni joto, hayawezi kuishi hata siku moja. Yamefikaje?" Wenzake wengine walisema yamebebwa na upepo, wengine wakasema miguu ya ndege, wengine wakasema yalikuwako tangu nchi zilipokuwa zimeungana. Mama alikuwa ameketi mlangoni akipepeta vipande vyake, akaniuliza Bwana anasema nini. Nikamweleza. Akafikiri kidogo.

"Kama ndugu mmoja yuko kaskazini na ndugu mwengine yuko kusini," akasema, "hapo katikati lazima iko nyumba walipolala. Si mmesema mlima wetu una barafu? Watazame mlimani."

Nilipomfasiria Bwana, aliruka. Akasema hilo ndilo analolitafuta miaka yote, hayo malele ya kaskazini na kusini yakutwe na mlimani vilevile, ijulikane walilala hapo njiani. Akampa mama mkono. Mama alicheka na kuficha mkono wake chini ya leso, kwa sababu ulikuwa na vumbi.

Sasa nieleze jinsi mama alivyofanya kazi, maana balaa lote limo humo. Vifurushi vilifika vimelowa. Alitandika jamvi uani, akaketi upande wa kisima, akatoa kilichomo bahasha ya kwanza akakiweka kulia kwake, cha pili kando yake, cha tatu kando yake, akienda kushoto mpaka mwisho. Kwa nini kulia? Kwa sababu mtu aliyesoma msahafu kila kitu huanzia kulia. Dagaa aliwapanga hivyo, vikombe alivipanga hivyo. Namba za juu ya bahasha hakuzijua, alishika mpango wake tu, na katika miezi yote ile hakukosea hata mara moja. Bahasha zilizooza niliziandika upya mimi, nikampa rundo, naye akarudisha kila kitu mahali pake.

Miezi michache kabla ya uhuru yalifika masanduku mawili kwa wiki moja, moja la mlimani na moja la visiwa vya kusini. Yote mawili maji matupu. Bwana alikuwa na homa, amelala ndani. Mama akavitoa vipande tisa, vitatu vya mlimani kwanza, kisha sita vya visiwani, akavipanga jamvini. Mimi nikakaa kuandika bahasha mpya. Haikufika adhuhuri, akaja mtu mbio kutoka Kinondo, jirani yetu bibi mmoja amefariki na mama anatakiwa kwenye kuosha maiti. Mama alinawa mikono, akajitanda leso, akaniambia, "Vitakuwa vimekauka alasiri. Uvirudishe wewe. Keti hapa nilipoketi mimi, na uanzie kulia. Umesikia? Kulia."

"Nimesikia, mama."

Na kweli nilisikia. Lakini alasiri hiyo kulikuwa na lori linatungoja Ukunda kutupeleka Kwale kwenye mazoezi ya nyimbo za uhuru, na mimi nilikuwa mwimbishaji, na nilikuwa na gauni jipya. Nani angekaa uani na malele? Niliketi palepale alipoketi mama, nikashika rundo langu, bahasha ya kwanza juu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kushoto, kama nilivyofundishwa skuli tangu darasa la kwanza. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Vya visiwani vikaingia bahasha za mlimani, na vya mlimani vikaingia za visiwani. Nikafunga sanduku nikakimbia. Njia nzima ya Kwale niliimba mpaka sauti ikakauka.

Siku ya tatu Bwana alipata nafuu, akafungua bahasha. Tulisikia kelele mpaka jikoni. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, kioo chake cha kukuzia kimemtoka mkononi. Malele yale ya kaskazini na ya kusini, ameyaona katika bahasha ya mlimani! Amepata ile nyumba ya katikati. Aliandika barua usiku na mchana kuwapasha wenzake, na vipande vingine akavituma Ulaya kwa msomi mmoja mkubwa avitazame. Mama alipoambiwa, alisema alhamdulillahi, akaniangalia kwa furaha, akasema, "Si nilisema?" Masikini mama yangu.

Uhuru ukaja. Tuliimba, bendera ikapanda, mvua ikatunyeshea na hakuna aliyejali. Baada ya sikukuu Bwana akaipiga taipu barua yangu ya chuo, ukurasa mmoja na nusu wa sifa, akasema ataitia sahihi Ijumaa akimaliza kuisoma tena. Alhamisi ikafika barua kutoka Ulaya.

Yule msomi aliandika kwa adabu sana, na kwa adabu hiyo alimchinja. Alisema malele ni yenyewe, hana shaka, lakini ametazama ule ubamba mdogo wa jiwe uliobanduka pamoja nayo. Jiwe la Mlima Kenya ni jeusi, la moto wa zamani wa chini ya ardhi. Jiwe hili ni jeupe na linametameta, na halipatikani mlimani kabisa. Hili ni la visiwa vya kusini. Kwa hiyo anamwomba radhi, lakini bahasha zimechanganywa.

Bwana alituita ofisini mwake, mimi na mama. Uso wake ulikuwa umeiva. Barua ya Ulaya ilikuwa mkononi na barua yangu ilikuwa juu ya meza, haijatiwa sahihi. Niliiona nilipoingia na sikuacha kuiona mpaka tulipotoka.

"Muulize," akasema kwa Kiingereza, "siku ile ya masanduku mawili aliyapanga vipi."

Nilipofungua mdomo kumuuliza mama, hapo ndipo nilipojua. Niliona jamvi, nikaona mkono wangu unakwenda kushoto. Nilimuuliza.

Mama alisimama wima, mikono kifuani. Hakuogopa. "Mwambie Bwana niliyapanga kama siku zote, la kwanza kulia. Kuyarudisha sikuyarudisha mimi, niliitwa mazikoni. Nilikuachia wewe na nikakwambia uanzie kulia. Mwambie kwamba u mtoto, umepitiwa, na mimi ni mkubwa, ningengoja nimalize ndipo niende. Mwambie kosa ni letu sote wawili, atuwie radhi."

Bwana alinitazama, anangoja. Alikuwa amekamata "kulia" na "mazikoni", labda, na zaidi ya hapo si kitu.

Nikasema, "Anasema aliyapanga kutoka kulia."

Basi. Maneno hayo tu.

"Kutoka kulia!" Alipiga meza. "Nani duniani anaanza kutoka kulia?" Akajijibu mwenyewe. Mtu asiyejua kusoma. Akasema kosa ni lake yeye, amewaachia kazi ya elimu watu wasiojua hata a wala be. Kisha akanigeukia, sauti ikapoa. "Na wewe ulizijaza vipi?"

"Kutoka kushoto, Bwana. Kama kawaida."

Akatikisa kichwa, kama anayesema, wewe ungefanya nini. Na sikilizeni, katika yote niliyoyasema pale hakuna neno moja la uongo. Miaka mingi nilijitetea kwa hilo, nikijiambia nilisema kweli. Kweli gani! Mwizi wa nusu ni mwizi.

"Mwambie asije tena," akasema Bwana.

Hilo nililifasiri lote. Halafu akaivuta barua yangu, akaitia sahihi, akaipuliza wino ukauke, akanipa kwa mikono miwili. Akaniambia nisione haya kwa ajili ya mama yangu, mtu hachagui mzazi. Nikasema asante. Wallahi nilisema asante.

Tulirudi Kinondo kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma na bahasha yangu chini ya leso. Jua lilikuwa kali. Tulipita Galu. Karibu na nyumbani akapunguza mwendo, nikamfikia.

"Mimi pale nilisema maneno mengi," akasema. "Kizungu kimeyamaliza kwa machache."

"Ndivyo kilivyo, mama."

"Ee," akasema.

Hakuniuliza tena, siku hiyo wala nyingine. Angenipiga ningeshukuru. Angeniapiza, angemwambia mjomba, angesimama barazani akapiga kelele, ningekuwa na la kujibu. Alipika wali, akanipakulia mimi kwanza, akasema barua ya sahihi imepatikana, sasa mwambie mjomba wako amrudishie mtu wa Lunga Lunga posa yake.

Mpishi wa Bwana ndiye aliyelitoa nje jambo hili. Wiki haikwisha, Kinondo nzima inajua kwamba yule bibi wa chuo amepimwa na Mzungu na ameonekana hajui kusoma. Ebo! Watu walewale waliokuja kuandikiwa barua! Siku zile kila mtu alikuwa na kichaa cha uhuru, anataka mtoto wake asome ile iitwayo kusoma, ya serikali, na neno lile likapata pa kushika. Mzazi mmoja akamtoa binti yake, mwengine akafuata. Mama mmoja alisema mbele yangu, bila haya, "Tunataka afundishwe na mtu aliyesoma." Nilikuwa nafunga sanduku langu la kwenda chuo cha ualimu. Walibaki wasichana watatu, mama akaendelea nao hao watatu kila alasiri, akianza kwa sauti ileile kana kwamba baraza imejaa.

Nikasoma, nikahitimu, nikapewa kazi Msambweni. Nikawa Mwalimu. Wakubwa wakinipita wananiita Mwalimu, wenye ndevu wananiamkia wao kwanza. Mama alikuja kukaa na mimi mjomba alipofariki. Bwana alikwisha rudi kwao na masanduku yake na kifua chake kilekile.

Jumamosi moja posta wakanipa kifurushi chenye stempu za Ulaya. Bwana ameniletea kitabu chake, kimepigwa chapa, juu kimechorwa ramani ya dunia yenye vidoa vyekundu juu na vidoa vyekundu chini. Niliketi barazani nikakifungua. Kinasema malele yale hayajapatikana mlimani mpaka sasa. Na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kimeeleza kwamba habari ya mwanzo ilikuwa ya makosa, na kwamba makosa hayo yalisababishwa na mwanamke wa Kiafrika aliyeajiriwa kuvikausha vipande, asiyejua kusoma.

Mama alikuwa kando yangu akichambua mchele. "Ni cha yule Bwana?"

"Ndicho."

"Lete." Akapangusa mikono, akakipokea, akakifungua upande wa nyuma, kwa kuwa kwake huko ndiko mwanzo. Akapitia michoro yote polepole, ya malele, ya mawe. Alizijua nyingine, akazigusa kwa kidole. Kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Mimi nimo?"

Ningesema hapana. Sikuweza hata hilo. "Umo, mama."

"Wapi?"

Nikamwonyesha.

"Wanasemaje?"

Miaka minane nilikuwa nafundisha Kiingereza. Cheti kinaning'inia ukutani nyuma yetu. Nikasema, "Wanasema ulivikausha vizuri."

Mama aliangalia ile mistari midogo. Akasema, "Jina langu hawakulitia?"

"Hawakulitia."

"Nipe kalamu."

Nilimpa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Akaweka kitabu gotini, akainama, na pale pembeni mwa yale maneno akaandika jina lake na la baba yake na la babu yake, kuanzia kulia, taratibu, mwandiko umenyooka, hakuacha hata nukta. Akakipuliza wino ukauke, akanirudishia kitabu, akaushika tena ungo wake wa mchele.